Hapana ya Daktari Mchina

Mjukuu akinichua mgongo kwa ile dawa ya Kichina ya kopo dogo, harufu yake inanirudisha mlangoni pa zahanati. Mama alikuwa kitandani nyumbani, kule juu mlimani, pumzi zinamkatika. Baba alinituma nimlete daktari Mchina. Gari lilikuwa moja tu, la sista mzungu aliyekuwa akielekea huko. Sista akamwuliza daktari kwa Kiingereza kama angependa kupanda. Mchina akainamisha kichwa, "No, tenkyu." Sista akawasha gari.

Nikasimama mbele ya gari. "Sista, muulize tena!"

"Amekataa, mtoto. Nimlazimishe mtu mzima?"

"Hajakataa! Ni adabu tu. Hata bibi akija kwetu hukataa chai kwanza, halafu anamaliza birika."

Akamwuliza tena. Mchina akatabasamu, no, tenkyu, hataki kumsumbua.

"Umeona?" sista akaniambia.

Kwa miguu tungefika jioni. Nikanyakua mkoba wa dawa mkononi mwa daktari, nikautupa ndani ya gari. Akaufuata mkoba wake, akaketi, akashukuru sana.

Nami nikarukia kiti cha nyuma. Tulipokaribia kihamba chetu, migomba ikizunguka nyumba, nilishusha kioo nisikilize. Mama alikuwa anakohoa. Sijawahi kufurahia kikohozi namna ile.