Gekara Alipoachishwa Pombe

Gekara alitoka Kisii mwaka wa 1926 kuja kufyeka msitu ili chai ipandwe, upande wa Kericho. Wakati huo alikuwa na mvi tayari. Mwaka wa tatu gogo lilimwangukia kiunoni. Tangu hapo hakuweza kuinuka kitandani kabla ya kunywa pombe kali iliyopikwa vichakani.

Binti yake Bonareri, mjane aliyebatizwa karibuni, alikuja kumtunza. Mzee wa kanisa, Nyaberi, alimwambia, "Imwage yote. Mfungie ndani mpaka imtoke."

Gekara mwenyewe alikubali. "Nimechoka, mama," alimwambia bintiye. "Funga mlango."

Bonareri akaapa mbele ya waumini kwamba pombe haitaingia tena nyumbani mwake.

Siku ya kwanza mzee alitokwa na jasho tu. Siku ya pili mikono ilimtetemeka, uji ukamwagika kifuani. Ya tatu alianza kupangusa siafu mikononi, na siafu hawakuwepo. Akawaita kwa majina wenzake waliokufa msituni. "Sogeeni," aliwaambia, "mti unakuja." Kisha akaanguka, macho yakageuka, mwili mzima ukakakamaa na kurukaruka.

Bonareri alikimbia kumwita Owino, dresa wa zahanati ya shamba. Owino alimpima mapigo ya moyo kwa muda mrefu.

"Nani alimkatiza pombe ghafla?"

"Alitaka mwenyewe."

"Kijana pengine angevumilia. Moyo wa mzee hauwezi. Tafuta pombe ileile umpe kwa kijiko, na kila siku upunguze."

"Niliapa, dresa."

"Basi tafuta na wachimba kaburi."

Bonareri alipita mchana kweupe katikati ya nyumba za wafanyakazi, kibuyu mkononi. Nyaberi alimwona. Jumamosi iliyofuata, siku yao ya ibada, jina lake liliondolewa kanisani. Yeye hakuwepo kulisikia. Alikuwa akimnywesha baba yake, vijiko vinane, baadaye sita, baadaye vitatu.

Siku ya kumi na mbili Gekara alikula ugali bila kutetemeka. Pombe hakuitaka tena hata kwa harufu. Owino alipokuja kumwona, alimkuta ameketi wima, uso umetulia.

"Yunia," mzee alimwambia Bonareri, akimwita kwa jina la mkewe marehemu, "mbona watoto hawajarudi kutoka mtoni?"

Bonareri alimtazama Owino. Owino alitazama chini.

"Wako njiani," akamjibu baba yake.

Aliendelea kumjibu hivyo kwa miaka minne.