Saa ya Bwawa la Mita Kumi na Nane

Nilianza kuogelea nikiwa na miaka arobaini na saba, baada ya bodaboda kuniangusha kwenye barabara ya Nzega na goti la kushoto kuharibika. Mtaalamu wa viungo aliniambia kwamba kutembea pekee hakutanisaidia. Goti lilitaka kazi isiyobeba uzito. "Mwalimu, tafuta maji," alisema, kana kwamba Tabora ina pwani.

Mimi nilizaliwa Tura, ambako baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Kiangazi maji yalikuja na treni, ndani ya behewa la tangi, nasi tulipanga ndoo kando ya njia tukisubiri. Maji yanayopita magoti sikuwahi kuyaingia. Kaka yangu aliyaingia. Alikwenda kutembelea ndugu zetu Nzega msimu wa mvua, akaingia na wenzake kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, na hakutoka. Nilikuwa na miaka sita. Hakuna aliyetukataza kulizungumza jambo hilo nyumbani. Halikuzungumzwa tu.

Hoteli moja mjini ina bwawa, na Jumamosi asubuhi huwa ni zamu ya wanawake. Aliyenifundisha alikuwa mfuaji wa mashuka wa hoteli hiyo, dada aliyekulia Kigoma, ziwani, ambaye siku hiyo hupewa pia kazi ya kuwaangalia wanaoingia majini. Kwa wiki nyingi alinishika tumbo kwa kiganja kama mtu anayekadiria uzito wa tikiti. Siku moja alikiondoa kiganja bila kuniambia, nikaendelea.

Mama anaishi nami Ipuli. Hakunizuia, mtu mzima hazuiwi. Lakini kila Jumamosi nilimkuta amekaa sebuleni na chai yake haijaguswa, imefunikwa kisahani. Akishaniona mlangoni ndipo huifunua.

Habari ya saa ilianza kwa ubishi. Ninafundisha hesabu, na napenda kujua nimefanya nini.

"Umevuka bwawa mara thelathini," dada wa Kigoma aliniambia siku moja.

"Ishirini na sita."

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nje, macho makavu."

Wote wawili hatukuwa na ushahidi. Mwalimu mwenzangu anayekimbia asubuhi aliniambia kuna saa za mkononi zinazohesabu zenyewe kila unapovuka bwawa, na zinapima hata mapigo ya moyo. Nilipomweleza mama, aliacha kuchambua mchele.

"Moyo inauonyesha?"

"Inauonyesha."

"Basi nunua ile itakayonionyesha moyo wako kwenye simu yangu, ukiwa humo ndani."

Sikujua kama inawezekana, na sikutaka kuuliza kwa nini.

Saa ya kwanza niliinunua karibu na stendi. Ilikuwa nyembamba, yenye kioo kizuri, na kwenye boksi iliandikwa kwamba inahimili maji mpaka mita hamsini. Niliipeleka mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, kwa fundi saa apunguze mkanda. Ni mzee aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake, na bado anakaa kwenye baraza lilelile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya kuogelea hii?"

Hakushika mkanda. Aliiweka saa chini ya taa mpaka kioo kikapata joto, akachovya njiti ya kiberiti kwenye maji ya baridi, akadondosha tone moja juu ya kioo. Alingoja kidogo, akalifuta kwa kitambaa. Chini ya kioo, pale pale lilipokuwa tone, palibaki ukungu.

"Umeona? Unyevu umo ndani tayari, na bwawa haijaliona."

"Lakini imeandikwa mita hamsini."

"Mita hamsini ya kweli inakutosha kabisa. Ya thelathini ni ya kunawia na ya mvua. Hii imeandikwa tu." Aliirudisha ndani ya boksi. "Na tafuta yenye vitufe. Kidole kilicholowa, kioo hakikielewi."

Kupitia kwake, mfanyabiashara wa mtaa huohuo aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Dar alikubali kuniletea saa tatu nizitazame. Zilipofika tulizipanga juu ya meza ya fundi. Ya kwanza ilikuwa ya kioo kitupu, nikaiacha. Ya pili ilikuwa na vitufe na ilipendeza, ila ilijua mabwawa ya aina mbili tu, la mita ishirini na tano na la hamsini. Ya tatu ilikuwa nene, nyeusi, yenye sura ya kifaa cha mgambo. Lakini tarakimu zake nilizisoma bila miwani, na iliniruhusu kuingiza urefu wa bwawa nitakao, kuanzia mita kumi na tano.

Basi ilinipasa kuujua urefu huo. Hotelini waliniambia ishirini. Ndivyo walivyosema tangu mwanzo. Niliazima tepu ya fundi mwashi, dada wa Kigoma akashika ncha moja, nami nikazunguka na nyingine. Tulipima mara mbili. Kumi na nane kamili.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeandika kwenye daftari mita nisizoziogelea. Jioni ile nilichukua kalamu nyekundu nikazisahihisha zote, mstari kwa mstari, kama ninavyofanya na kazi za wanafunzi. Mama alikuwa kando yangu, akaniuliza nimeamua nini kuhusu saa.

Saa ya tatu hupima mapigo ya moyo. Lakini yule mfanyabiashara alikuwa amenieleza wazi kwamba ndani ya maji saa na simu hazisikilizani. Hesabu huja nikishatoka. Hata mapigo yenyewe, alisema, majini husomeka kwa kurukaruka. Ningeweza kumwambia mama kwamba inaonyesha, nikamwekea simu mapajani na kuondoka. Kisha nilifikiri: angekaa nayo muda wote niko majini, na simu ingekuwa kimya. Angeuelewaje ukimya ule?

Nikamweleza kama ilivyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hiyo haina faida kwangu," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata tulipanda bajaji, saa ya tatu nimeshainunua na kuivaa mkononi. Alivaa kitenge cha kuendea kanisani. Pale bwawani alichukua kiti cha plastiki, akakisogeza mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Shikamoo, mama," dada wa Kigoma alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayemtia mwanangu majini?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na kumtoa unajua?"

"Najua."

"Haya."

Nilibonyeza kitufe nikaingia. Nikigeuza uso kuvuta pumzi niliona mara ukuta, mara kitenge. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilidhani anasali. Nilipotoka, saa ilionyesha ishirini na nne.

"Kumi na mbili," mama alisema.

"Ishirini na nne, mama."

"Nimehesabu kwa Kinyamwezi, sikukosea. Kwenda na kurudi si safari moja?"

Dada wa Kigoma alicheka mpaka akaweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. Mimi nilipiga hesabu kichwani: ishirini na nne mara kumi na nane, mita mia nne thelathini na mbili. Nilikuwa nimesimama mbele yake, maji yakinichuruzika, nikitafuta taulo.

"Kaka yako hakuwa na wa kumwangalia," alisema. "Walikuwa watoto watupu pale lamboni. Mkubwa alikuwa na miaka kumi."

Katika miaka arobaini na zaidi hilo lilikuwa neno la kwanza kulisikia kutoka kwake kuhusu siku ile. Nilikaa chini, kwenye vigae, karibu na kiti chake, na yeye akanitupia taulo begani.

Baada ya kitambo aliuliza mbona maji yananukia. Dada wa Kigoma alimwambia ni dawa ya kusafishia. Mama alivua viatu vyake, akaomba ashikwe mkono, akakaa ukingoni na kuingiza miguu mpaka kwenye vifundo. Alisema ni ya baridi. Tulipomwambia muda wa wanawake unakaribia kwisha, aliomba tumwache kidogo.

Saa ile ninayo mpaka leo. Goti linakunjika karibu lote, ingawa ngazi za ofisi ya elimu bado nazipanda nikishika ukuta. Mama huja Jumamosi zisizo na upepo; nyingine hubaki nyumbani akisikiliza redio. Ile habari ya lamboni amekwisha kuisimulia mara mbili zaidi, kila mara akiongeza kitu kidogo: rangi ya shati, jina la mbwa aliyekimbia kuwaita watu.