Mama Jesse anamsubiri Jesse

Saa moja asubuhi, mashine ya kukamua alizeti imeshaanza kunguruma mtaani Nangara, mjini Babati. Aikande Mbwambo amesimama juu ya ngazi fupi, anamimina mbegu. Chini, mwenzake Kindness anakinga mafuta kwa ndoo.

"Mama Jesse, punguza kidogo," Kindness anapaza sauti. "Inajaa."

Aikande anapunguza. Jina hilo analisikia kutwa nzima, kwa wenzake na kwa wafugaji wanaofuata mashudu ya kulisha ng'ombe. Jesse mwenyewe, mtoto wake wa pekee, hayupo Babati. Ana miaka minne, na analelewa na bibi yake huko Same.

"Wakiniita naitika," anasema Aikande, mwenye umri wa miaka 29. "Ila kuna siku moyo unashtuka, kama vile wamemwona anakuja."

Alijifungua salama. Wiki chache baadaye usingizi ukakatika, chakula kikakosa ladha. Alishinda kitandani na kanga ya jana, mlango umefungwa.

"Mtoto analia pembeni yangu, namwona, namsikia, lakini ni kama natazama mtoto wa jirani," anasimulia. "Sikumchukia. Sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililonitisha."

Majirani walisema ni uvivu. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa. Mumewe Gerson, fundi pikipiki, alidhani amechokwa.

"Nilimuuliza, nimekukosea nini? Akasema hujanikosea. Nikazidi kuchanganyikiwa," anasema Gerson.

Mama yake Gerson, Evangelina, alipokuja kumwona mjukuu alimkuta amekonda. Akafungasha nguo zake, akaondoka naye.

"Nilimkabidhi mtoto, nikarudi kulala," anasema Aikande. "Hata stendi sikuwasindikiza."

Siku hiyo Gerson alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, Wilhelmina, alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: kama analala, kama anajilaumu, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kwa swali la mwisho, Aikande alilia.

"Muuguzi akaniambia, mama, huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Unawapata wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Mimi nilikuwa sijui kama una jina."

Daktari alimwandikia vidonge, akamtahadharisha kuwa nafuu huchukua wiki kadhaa. Pia alimpeleka kwa mshauri, wakawa wanakutana na kuzungumza. Alipoanza kucheka tena na kupika, aliacha dawa bila kumuuliza mtu. Hali ikarudi vilevile, akaogopa kurudi kliniki.

"Nilijua watanifokea. Mshauri akavuta kiti tu, akasema, haya, tunaanza tena."

Safari hiyo Gerson aliingia naye. Aliacha kumwambia mkewe ajikaze, akajifunza kukaa naye kimya na kumtoa jioni watembee. Baadaye sana, daktari alipunguza vidonge kidogo kidogo mpaka vikaisha. Kwa mshauri bado anakwenda, na kazini alirudi mwaka jana.

Kila Jumapili anapiga simu Same. Jesse humsimulia habari za kuku, kisha humrudishia bibi simu. Jesse humwita bibi yake mama. Kwake, Aikande ni "mama wa kwenye simu".

Evangelina hakatai kumrudisha mjukuu, ila ana hofu. "Simnyimi mtoto wake," anasema kwa simu. "Nilimbeba akiwa mwepesi mno. Najiuliza, ugonjwa ukirudi itakuwaje?"

Aikande hamlaumu. "Alimwokoa mwanangu. Na swali lake najiuliza hata mimi. Tofauti ni kwamba sasa najua dalili, na najua pa kukimbilia."

Gerson alitaka wamfuate mtoto mara moja. Mshauri akawasihi wasimng'oe ghafla. Kwa hiyo Desemba, kazi ya alizeti ikipungua, Aikande atakwenda Same akae huko nyumbani kwa mama mkwe mpaka Jesse amzoee. Wakielewana, Januari atarudi naye, aanze darasa la awali hapa Babati.

Anapanguza mikono kwenye aproni. Ameshapanga hata usiku wa kwanza utakavyokuwa.

"Nitamwomba nilale naye kitanda kimoja," anasema. "Akikataa, nitatandika chini, karibu naye, nimsikie anavyopumua."