Isicheze, Icheze

Kidato cha sita walikuwa wanaondoka Ijumaa, na nilikuwa nimewaahidi kitu ambacho mimi mwenyewe nilifundishwa kwa chaki tu: mwanga uliogawanywa sehemu mbili ukikutana ukutani na kuzaa mistari myeusi. Tochi ya leza nilikuwa nayo, na vioo viwili vidogo, kila kimoja kidake nusu ya mwanga wake. Kimoja kinasimama tu. Cha pili lazima kiinamishwe kidogo mno, chini ya unene wa unywele, hadi nukta zao mbili nyekundu ukutani zikae pamoja. Kilichokosekana ni kishikizo chenye skrubu za kukiinamisha. Cha dukani tusahau.

Nikakaa wiki nzima na tupa na msumeno wa chuma. Skrubu za kawaida meno yake makubwa. Ukigusa tu, nukta imeruka. Nikang'oa ekseli ya baiskeli yangu, meno yake laini, nikaikata vipande vitatu. Springi nikatoa kwenye kalamu. Nikawa naenda shule kwa miguu, jua la Dodoma utosini, kwa ajili ya mistari.

Kishikizo kikakubali, kasoro jambo moja: miguu yake ililegea. Mtu akipita nje, nukta inatetemeka. Jumatano nikachomoa kioo, nikakipeleka kishikizo Makole kwa fundi anayechomelea mageti, nikiwa nimeshafura kwa hasira.

"Fundi, hiki kitu kinacheza!"

Akakitikisa karibu na sikio. "Kweli kinacheza, mwalimu. Niachie. Kesho hakichezi."

Nilikuwa nawahi kipindi. Sikumweleza kwamba miguu isicheze, ila skrubu zicheze. Kwa fundi kucheza ni ugonjwa, iwe geti au kitanda, na dawa yake ni moja.

Alhamisi alinikabidhi kimepakwa hadi rangi ya fedha. Miguu amechomelea. Skrubu zote tatu, amechomelea.

"Hata trekta lipite," alisema kwa fahari.

Nilitaka kumtukana. Nimtukane nini? Neno lilikuwa langu. Nikasema ahsante, nikaondoka.

Ijumaa nukta mbili zilitua ukutani, katikati yake upana wa kidole, imara kabisa. Nilisukuma meza, nikapachika karatasi chini ya miguu, nikakipiga kile chuma kwa kiganja. Hakikucheza. Darasa zima lilinionea huruma, na huruma huniudhi kuliko kicheko.

Kengele ilipokaribia nilichukua chaki, nikawachorea mistari.