Taa Nne za Uani na Nyota Iliyofifia ya Baba

Watu zaidi ya sitini walikuwa juu msituni wakimtafuta baba yangu. Mimi nikapanda bodaboda nikashuka chini.

Shangazi alidhani nimechanganyikiwa. Sikumlaumu, maana hata mimi sikuwa na uhakika.

Kaeni vizuri niwasimulie. Nimelibeba hili tangu mwezi wa pili na kulibeba peke yangu kumenishinda.

Naitwa Eva. Nina duka la vifaa vya umeme pale Majengo, Moshi mjini. Soketi, nyaya, betri, na hizi taa za sola ambazo siku hizi kila mtu anazitaka.

Kwetu ni Kilema. Baba yangu ni Mzee Augustino, lakini kule wengi wanamwita Meku tu, yaani mzee. Alibeba mizigo ya watalii mlimani miaka ishirini na tisa. Sasa ana miaka sabini na mbili, ana sukari, anachomwa sindano asubuhi na jioni.

Na tangu mwaka jana alianza kusahau. Anaweza kukuuliza mama yako yuko wapi, wakati mama tulimzika hapo hapo kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Desemba alianguka uani usiku akapasuka paji la uso.

Mimi nina mdomo na nina haraka, wanaonijua wanajua. Jumamosi iliyofuata nilipanda Kilema na fundi, tukafunga taa nne, kila kona ya nyumba moja. Uani pakawa peupe, sindano ikidondoka unaiokota. Majirani wakasifia, na wanne kati yao wakanunua za kwao dukani kwangu. Nikajiona mtoto wa maana.

Baba peke yake hakufurahi.

"Eva, hizi taa zimekula anga."

"Anga utalipika, baba? Mimi nataka usianguke."

Akachukua kigoda chake, akaingia ndani.

Wiki mbili baadaye Shangazi Anyesi, dada yake anayeishi naye, akanipigia simu. Baba kazima taa zote kwa rimoti, kakaa nje gizani kwenye kigoda. Nikapanda tena nikiwa nimefura. Nikachukua ile rimoti, nikaitia kwenye mkoba wangu, nikarudi nayo mjini.

Naomba muikumbuke hiyo rimoti.

Jumanne ya tarehe kumi na saba mwezi wa pili, dukani kulijaa watu wanaojiandaa na Ramadhani. Saa mbili usiku simu ikaita.

"Eva, baba yako hayupo."

"Hayupo vipi, shangazi?"

"Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Nimerudi sijamkuta. Kigoda hakipo, chupa ya chai haipo, na lile koti lake la mlimani halipo. Sindano yake ya jioni iko mezani."

Nikawatoa wateja, nikafunga duka.

Kaka yangu Crispin ni kiongozi wa watalii. Aliposikia habari ya koti hakusubiri kitu kingine. "Amepanda," akasema. "Akili yake imerudi kazini. Anadhani kuna mzigo unamngoja."

Nani angebisha? Mtu aliyeishi mlimani maisha yake yote, kachukua koti la mlimani. Crispin akakusanya wapagazi na vijana wa kijiji, wakaingia msituni usiku ule ule.

Jumatano niliungana nao. Niliita baba, baba, mpaka sauti ikakauka, nikabaki naita kwa mdomo mtupu. Tulitazama kila korongo. Tulitazama mtoni. Mchana Crispin akanituma mochwari, akaniambia niende mimi kwa sababu yeye hawezi. Nikafunuliwa mzee mmoja aliyegongwa na gari. Hakuwa baba. Nilifurahi, halafu nikajichukia kwa kufurahi.

Nesi wa zahanati aliniambia ukweli bila kunizungusha. "Dada, mzee bila sindano, bila maji, na jua hili. Ikipita kesho usiku, jiandaeni."

Alhamisi asubuhi watu wakaanza kupungua. Wengine wakanong'ona kwamba mzee kaitwa na wazee wake. Crispin alishuka saa sita, uso umechanwa na miiba, akanigeukia mimi.

"Wewe si ulisema umemwekea ulinzi? Mataa yote haya, mtu anatokaje asionekane?"

"Na wewe? Mara ya mwisho umelala hapa lini?"

Tulitupiana maneno mbele ya watu, watoto wa tumbo moja. Shangazi akalia kwa sauti. Crispin akajitwika begi lake akapanda tena.

Jioni ile majirani walikuja kusali rozari uani. Taa zikajiwasha zenyewe kama kawaida, na wadudu wakaja kwa wingi.

"Zima hayo mataa yako," Shangazi akanifokea. "Wadudu wanatuingia mdomoni, hata kusali hatuwezi."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikatoa rimoti, nikabonyeza.

Giza likaingia uani kwa mara ya kwanza tangu niondoke na ile rimoti. Mtu akawasha mshumaa, sala ikaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nimechoka hata kumwomba Mungu. Nikainua uso tu, na juu ya migomba, upande wa kusini, nikaiona ile nyota kubwa.

Nikakumbuka.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Baba alinibeba mgongoni mpaka hapo hapo uani, akanionyesha nyota hiyo, inawaka kama taa ya karabai.

"Hiyo usiishangae, kila mtu anaiona," akasema. "Tazama kando yake. Tulia. Usiwe na haraka."

Nikatulia. Zikatokea moja moja, nyota hafifu, zimejikunja pembeni ya ile kubwa kama watu wasiotaka kupigwa picha. Baba alisema wataalamu wanaziita Mchoraji. Alijua hayo kwa mzungu mmoja ambaye yeye baba alimbebea darubini mlimani.

"Ile ya chini, inayowazidi wenzake kidogo kwa kung'aa, ni mama yako. Ipo nyingine pale haionekani kwa macho, inakimbia angani kuliko karibu nyota zote. Hiyo ni kaka yako, hatulii nyumbani."

"Na hii ya kulia, baba? Hii ni ya nani?"

"Hiyo bado changa. Mzungu alisema imezungukwa na vumbi, na ndani ya vumbi dunia nyingine zinaumbwa mpaka leo."

"Ni ya nani sasa?"

Akacheka, akanirudisha ndani.

Hizi taa zimekula anga. Baba hakuwa anasema ovyo. Mimi ndiye sikusikia.

Nikasimama. Nikatazama mteremko mzima wa Kilema. Huku taa, kule taa, nyingine nimeziuza mwenyewe. Mzee anayetafuta giza angeenda wapi? Juu msituni miti inafunika. Giza tupu, anga wazi, mahali anapopajua hata akili ikiwa imepotea?

Tambarare.

Kila ukoo huku una kihamba juu na shamba la mahindi chini. La kwetu liko mbali, kupita Himo, na mwezi wa pili hakuna anayekanyaga huko mpaka mvua za masika zikaribie. Baba alikuwa akilala huko kulinda mahindi, tukiwa wadogo. Kwenye baridi ya alfajiri alivaa lile lile koti.

Gidioni, kijana wa bodaboda, alikuwa kwenye rozari. Nikamshika mkono katikati ya Salamu Maria.

"Twende."

"Wapi, dada?"

"Chini."

"Eva!" Shangazi akaita. "Watu wako juu, wewe unashuka?"

Nikapanda nyuma ya Gidioni.

Tulifika saa tatu. Hakuna taa, hakuna nyumba, vumbi na mabua makavu tu. Nikaita baba kwa ile sauti iliyokufa. Kimya. Gidioni akamulika kwa taa ya pikipiki, na katikati ya shamba tukaona kigoda, kimeelekezwa kusini. Juu yake hakuna mtu.

Nilipiga magoti pale. Nikasema, Mungu, basi nipe hata mwili.

"Dada! Huku!"

Alikuwa ndani ya mfereji mkavu, hatua kumi tu kutoka kwenye kigoda. Mguu wa kulia umejipinda vibaya, kidonda kimeingia udongo. Midomo imepasuka. Chupa ya chai ilikuwa tupu kifuani kwake. Nikaweka sikio puani mwake.

Anapumua.

"Baba, ni mimi. Ni Eva."

Alifungua macho kwa shida sana.

"Umezima?"

"Nimezima, baba. Nimezima zote."

Baadaye tulikuja kujua alipewa lifti na gari la ndizi linaloshuka Himo. Dereva hakuwa na habari kwamba mzee anatafutwa, kwa sababu sisi wote tulimtafuta juu.

Baba alipona. Mguu haukupona. Daktari alisema tungemfikisha siku ile ya kwanza huenda ungebaki. Na sukari ile, kidonda kile, siku mbili nzima. Waliukata chini ya goti, na karatasi ya ridhaa niliisaini mimi.

Siku ya tano wodini akili yake ilikuwa safi. Nikamuuliza kilichompeleka shambani usiku ule.

"Ilikuwa tarehe kumi na saba," akasema, akinishangaa.

Tarehe kumi na saba mwezi wa pili ndiyo niliyozaliwa. Kwetu hatuna mambo ya keki, na mwaka huu hata mimi nilikuwa nimesahau.

"Siku unazaliwa nilikuwa kambini na yule mzungu. Jioni akapanda mpagazi mmoja kuniambia mama yako amejifungua kabla ya wakati, miezi saba, na mtoto hafiki asubuhi. Kushuka usiku haiwezekani. Nililia kama mtoto. Mzungu hakujua aniambie nini, akaniita kwenye darubini. Akasema, tazama hii, haijamaliza kuumbwa lakini iko hai. Nikamwambia Mungu, basi na wangu mmalizie hivyo hivyo. Tangu hapo, kila mwaka usiku huo naitafuta nyota ile, namshukuru. Thelathini na tano sasa."

Nilishindwa kumtazama.

"Mbona hukuniambia, baba? Siku nafunga zile taa, mbona hukusema?"

Akalivuta shuka juu ya goti lake.

"Ungecheka," akasema.

Na ni kweli, ningecheka.

Zile taa nimezing'oa. Imebaki moja mlangoni, na rimoti analala nayo baba chini ya mto. Juzi Crispin alikuwa nyumbani, tukamtoa nje na kiti chake cha magurudumu, tukazima, tukakaa watatu mpaka nyota zikaonekana.

Ndugu zangu mnaosoma hii, wazazi wetu tunawapenda, lakini tunawapenda kwa haraka. Kabla hujamwashia mzee wako taa, kaa naye kwanza umuulize anatazama nini gizani. Mimi sikuuliza, na kila asubuhi namvalisha baba soksi mguu mmoja.