Barua Iliyookolewa Jikoni

Mtu aliyenifukuza kazi hakutaka kabisa nimwite bosi. Siku ya kwanza nilipofika kwenye gesti yake pale Omurushaka, na kifurushi changu cha nguo mbili, nilimwamkia, "Shikamoo bosi," akakunja uso. "Bosi ni mambo ya watu baki," alisema. "Mimi na marehemu baba yako ni ukoo mmoja. Niite Tata, kama mnavyowaita baba zenu huko nyumbani." Jamani, nilifurahi! Baba alikufa ningali nanyonya, na kwetu Nyabiyonza mtu wa ukoo wa baba ni baba kweli, hata kama hamjawahi kuonana. Nikamwita Tata tangu siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yameanza tena kuonja sabuni na vitenge, mabasi ya Bukoba yalikuwa yanajaa, na gesti ya Tata haikukosa wageni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alfajiri nachemsha maji ya kuoga ya abiria, mchana nafua mashuka ya vyumba vinane kwa mikono hii hii, jioni namenya ndizi na mpishi. Mpishi alikuwa mama mmoja kutoka Kaisho, mwenye ulimi wa pilipili, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa la chai kabla ya kuja kwetu. Alinipenda, lakini mapenzi yake yalikuwa ya kunigombeza kutwa nzima.

Mshahara je? "Nakutunzia," Tata alisema mwisho wa mwezi wa kwanza. "Msichana akishika pesa hapa barabarani zinaota miguu. Siku ukizitaka utazikuta zote." Nikasema asante Tata. Mwezi wa pili, asante Tata. Kusema kweli niliona raha, maana nilikuwa na jambo langu moja tu duniani: mabati. Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, na nyasi zenyewe zilishaoza; mvua ikinyesha mama alihamisha kitanda mara tatu. Kila shuka nililolianika nilikuwa naona bati. Mpishi alikuwa akiniuliza, "Leo umefua mabati mangapi?" na tunacheka.

Mwezi wangu wa kumi na moja pale nikapata salamu kwamba upande mmoja wa paa umeporomoka. Sikungoja. Tata alikuwa sebuleni na wageni wawili, anapiga mhuri. Huo mhuri lazima niuseme. Aliuchongesha Bukoba, wa duara, una jina la gesti na neno MENEJA katikati, na aliupenda kama mtoto wa mwisho. Alipiga mhuri risiti za vyumba, orodha ya mashuka, hata karatasi ya kumtuma mtu kununua mafuta ya taa.

"Tata, naomba zile pesa zangu. Mama ananyeshewa."

"Pesa gani?"

"Unazonitunzia."

Akawageukia wageni, akacheka. "Mnaona watoto wa siku hizi? Anakula kwangu, analala kwangu, bado anataka mshahara!"

Mimi sijawahi kuwa mpole, na sitaki kudanganya hapa. Damu ilinipanda. "Miezi kumi na moja, Tata!" nikapaza sauti hadi walioko uani wakasikia. "Hata ng'ombe hupewa chumvi!" Wageni wakainamia chai yao.

Kesho yake asubuhi akanikabidhi barua. Nimeikariri mpaka leo: "Kuanzia leo nakuachisha kazi ya usafi na ufuaji uliyoianza mwaka jana, kwa kosa la kudai mshahara mbele ya wageni." Chini yake mhuri, tena umepigwa mara mbili. Nikaenda nayo jikoni nikilia kwa hasira, nikaitupa motoni. Mpishi aliruka! Sijui mwili ule ulirukaje. Aliing'oa kwenye mafiga kwa vidole vitupu, akaizima kwa aproni, akanitazama kama anayetaka kunizaba kofi.

"Mjinga wewe! Unajua ulichotaka kuchoma?"

"Matusi yake."

"Matusi? Umeshika dhahabu, unaitupa! Miezi yote hii ulikuwa na nini cha kuonyesha? Huna hata kikaratasi. Sasa mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba ulikuwa na kazi, na kwamba ulidai mshahara. Kule kwenye chai tulikuwa tunaomba barua kama hizi hatuzipati." Akaikunja, akanitilia mkononi. Kona moja ilikuwa imeungua, lakini mhuri ulikuwa mzima. "Nenda Kayanga, wilayani. Wiki hii yupo afisa kazi kutoka Bukoba, anasikiliza madai ya wafanyakazi. Na usilie mbele yake."

Nilikwenda kwa miguu siku hiyo hiyo, nikijisemea njia nzima. Kumshtaki baba! Afisa alikuwa kijana mwembamba, Kiswahili chake cha pwani. Aliisoma barua, akairudia, akainua macho. "Mbona ulikaa miezi yote hii bila kumdai?" Nikamweleza habari ya ukoo. Akaandika hati ya kumwita Tata, akasema nirudi wiki ijayo.

Tata hakungoja hiyo wiki. Alikuja Nyabiyonza kwa mama, nilikokuwa nimerudi, akiwa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija wake. Nilipokiona tu nilijua maana yake. Kwetu waliogombana wakinywa kibuyu kimoja, ugomvi umekwisha. Atakayeufufua ndiye mbaya. Na mama yangu alikuwa mtu wa heshima mno. Hata kuku wa jirani alikuwa anamfukuza kwa kumwomba radhi. Alimpa Tata kigoda, akamwamkia vizuri, akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Mrija ulikuwa unaelekea midomoni. Mimi nimesimama mlangoni, nasema moyoni, mama, mama, usinywe, mabati yangu!

Mama akatazama juu, pale ambapo mbingu ilikuwa inaonekana. Akakiweka kibuyu chini taratibu.

"Shemeji," alisema, "ahsante sana. Pombe yako nitainywa nikiwa chini ya bati."

Nilitaka kupiga vigelegele! Tata alibeba kibuyu chake akaondoka nacho, kimejaa vilevile.

Siku ya shauri alivaa koti. Alianza kwa upole: huyu ni mwanangu, sisi ni ukoo mmoja, alikuwa ananisaidia kama mtoto wa nyumbani, hakuna habari ya mwajiri wala mfanyakazi. Alisema vizuri, hata mimi nikaanza kujiona mkosaji. Afisa akaitandaza barua mezani, akailainisha pale palipoungua.

"Mzee, mhuri huu ni wa nani?"

"Wangu," Tata akajibu, na kifua kikamjaa. "Nimeuchongesha Bukoba."

"Mzuri. Una watoto wangapi nyumbani?"

"Tisa."

"Katika hao tisa, wangapi umewahi kuwafukuza kazi kwa barua yenye mhuri?"

Wee! Karani wa pale mlangoni alijifanya anakohoa. Tata akautazama ule mhuri kama rafiki aliyemsaliti. Afisa akaeleza kwa utaratibu: anayefanya kazi ya mtu ana haki ya ujira wake, awe ndugu asiwe ndugu, kuudai si kosa, na ukimwachisha kazi bila notisi, unalipa notisi. Miezi kumi na moja, na mmoja wa juu.

Alilipa juma lililofuata, mbele ya afisa. Nilitia sahihi iliyopinda, maana akili yangu ilikuwa imeshapanda juu ya paa na misumari. Tulitoka nje pamoja. Nilidhani atanitukana. Badala yake alisimama uani, koti mkononi, akaniangalia kwa uchungu wa kweli, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Kuanzia leo," alisema, "wewe si mwanangu tena."

Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimependa kuwa na baba. Lakini bahasha ilikuwa nzito mkononi, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa kwetu. Nikapiga magoti kama binti aliyelelewa, nikainuka.

"Asante, bosi," nikamwambia.

Safari hii hakunisahihisha.