Aliyemaliza, Ndoo

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, mume wangu analijua, hata mama anayetupikia uji shuleni analijua. Nalisema mapema ili nisije nikajipamba mbele ya safari.

Shule yetu iko Ipyana, na ina kitalu cha miche ya kakao nyuma ya madarasa. Kwa miaka mingi darasani kwangu kulikuwa na sheria moja niliyojivunia. Mtoto akimaliza hesabu zake kabla ya wenzake na kuzipata zote, nilikuwa namgusa bega na kumwambia, "Aliyemaliza, ndoo!" Basi anatoka, anachukua ndoo, anakwenda kwenye pampu, anamwagilia miche. Hakuna mzazi wa huku atakayekuuliza kwa nini mwanawe anamwagilia kakao. Atakuuliza kwa nini miche imekauka.

Niliona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Wepesi hawanipigii kelele, na miche inakunywa. Mimi nilibaki na waliokosa. Nilikaa nao chini, tukamwaga visoda vya chupa na mbegu sakafuni, tukagawa, tukajumlisha, tukacheka. Niliwauliza maswali ya ajabu ajabu: kama ndizi za mkungu mmoja zingekataa kukaa kwa vichana, zingekaaje? Kusema kweli, hapo ndipo nilipokuwa mwalimu mzuri. Sikuwahi kujiuliza ni nani asiyekuwepo.

Mwaka juzi katika darasa la tatu alikuwepo binti mmoja anayeishi na bibi yake. Mama yake anauza vitenge, leo yuko Kyela mjini, kesho yuko ng'ambo ya mto, Malawi. Binti huyo alianza mwaka akiwa wa kwanza kushika ndoo kila siku. Kisha, bila homa wala msiba, akaporomoka. Kufika muhula wa pili daftari lake lilikuwa limejaa mikasi myekundu ya makosa. Nilimsema mbele ya darasa zima kwamba akili yake imekwenda likizo na haijaaga. Wenzake wakacheka. Yeye alitazama mlangoni.

Wiki chache kabla ya mwisho wa muhula ule kila mwalimu alitakiwa kupeleka kwa mwalimu mkuu orodha ya watoto watakaorudia darasa. Orodha ilitakiwa Ijumaa. Jina lake nililiandika la nne, nikaipeleka orodha mapema.

Alhamisi, saa ya mapumziko, nilikuwa nasahihisha madaftari ya jana yake. Nikafika kwenye lake. Nane mara sita, kaandika hamsini na moja. Saba mara tisa, sitini na sita. Mia toa thelathini na saba, sitini na sita tena. Nilipiga mkasi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hasira ikanipanda. Nilipofika wa nne kalamu ikasimama. Kila jibu lilikuwa limezidi kwa tatu. Si moja wala mawili, yote.

Nikafunua kazi ya Jumanne. Yote yalizidi kwa mbili. Ya Jumatatu yalizidi kwa moja. Nikarudi wiki iliyopita, na iliyotangulia. Jumatatu moja, Jumanne mbili, Jumatano tatu, Alhamisi nne, Ijumaa tano. Mtoto huyu alikuwa anajua kila jibu, kisha anakosa kwa ratiba. Chai yangu ilipoa nikiwa bado nafunua kurasa.

Jioni ile nikapanda bodaboda hadi kwa bibi yake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapasua kakao, na mjukuu yuko kando ya kasha la kuvundikia, anafunika mbegu kwa majani ya migomba.

"Mugonile, mwalimu," bibi akanisalimu. "Kafanya nini huyu?"

"Anakosa hesabu, bibi. Zote."

Bibi alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Huyu? Juzi nilitaka kugeuza kakao, akanizuia. 'Bado, ni kesho, bibi, umeruka siku.' Nikahesabu kwa vidole, kumbe kweli nimeruka. Hapa kwangu yeye ndiye kalenda."

Nikamfungulia mtoto daftari, nikamwonyesha tatu zake na mbili zake. Hakukana. Alimtazama bibi.

"Sema, mjukuu wangu. Mwalimu hajaja na fimbo."

"Nikipata zote natoka nje, mwalimu," akasema. "Nikirudi umeshafundisha."

"Nimeshafundisha nini?"

"Vile vya visoda. Na lile swali la ndizi. Niliwasikia mnacheka, mimi nilikuwa kwenye pampu. Nikikosa, nabaki."

Nilikaa kwenye ndoo iliyokuwa imefudikizwa pale. Niliona aibu, aibu hasa. Watoto wangu wenye njaa kubwa ya kujua nilikuwa nawatoa mezani kila siku, huku nikidhani nawapa heshima. Waliotaka kubaki walitakiwa kwanza kujifanya wajinga, na huyu alikuwa tayari kurudia darasa ilimradi abaki.

"Samahani, mama," nikamwambia mtoto. Huku mwalimu hamwombi mtoto samahani, na bibi alijifanya anatafuta kisu chake.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu kulitoa jina. Alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, kosa moja haliachi mke. Lakini haya ni makosa ya muhula mzima."

Nilimweleza habari ya Jumatatu moja na Jumanne mbili. Nadhani aliona jua limenipiga. Akaagiza mtoto aitwe, akaandika hesabu sita kwenye karatasi, akaiweka mezani pamoja na penseli. "Akizipata hapa mbele yangu, jina nalifuta. Asipozipata, anarudia."

Binti alisimama mbele ya karatasi na hakuandika. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: leo ni Ijumaa, na Ijumaa ni tano. Swali la kwanza lilikuwa tisa mara nane. Akiandika sabini na saba, tumekwisha.

Akageuka kwangu. "Mwalimu, nikizipata zote natoka?"

"Hutoki. Unabaki na mimi."

Akaandika sabini na mbili. Zilizobaki alizimaliza kabla mwalimu mkuu hajafuta miwani yake vizuri. Mkuu alizisahihisha mara mbili, akachukua orodha, akalikata jina la nne kwa rula, mstari ulionyooka. Nilitoka ofisini nikifuta macho kwa ncha ya kitenge, na sijali nani aliniona.

Jumatatu iliyofuata niliiua sheria ya ndoo. Miche tunaimwagilia asubuhi kwa zamu, darasa zima, wepesi na wazito, na mimi pia nina zamu yangu. Nyuma ya darasa niliweka meza iliyovunjika mguu, nikaiegemeza kwa tofali, na juu yake boksi la sabuni lenye maswali. Anayemaliza anakwenda pale. Ni maswali ambayo majibu yake hata mimi sinayo, na hilo lilinitisha kuliko mkaguzi. Swali la kwanza lilikuwa kopo la mpunga: zimo punje ngapi, bila kuzihesabu zote?

Binti yangu yule alijaza punje kwenye kiberiti kitupu, akazihesabu. Kisha akapima viberiti vingapi vinajaza kopo, akazidisha, akaandika jibu lake ubaoni. Wiki nzima wengine wakazihesabu punje za lile kopo kumi kumi, ili tuone. Jibu lake lilizidi, na lilizidi sana. Nikadhani ameanza tena. Nilitazama siku: Alhamisi. Lakini halikuzidi kwa nne.

Alikaa na kiberiti chake na lile kopo muda mrefu, anajaza, anamwaga. Halafu akaruka. "Mwalimu! Kiberiti nilichohesabu nilikitikisa, punje zikabanana. Vile nilivyomwaga kwenye kopo sikuvitikisa!"

Nilichukua chaki nyekundu nimpe vema kwa kufikiri. Akaniomba chaki ile. Akaenda ubaoni, akalipiga jibu lake mkasi mkubwa, mwekundu, akarudi nyuma hatua moja kulitazama kama mtu aliyepaka nyumba yake rangi.

"Hili nimekosa kweli," akasema, na meno yote yalikuwa nje.

"Ndaga fijo," nikamwambia.

Akaniuliza nashukuru nini. Nikamwonyesha kwa kidole ule mkasi ubaoni. Alinirudishia chaki, akaketi kwenye meza yake ya tofali, akaanza upya, safari hii bila kutikisa.